Eko ya moyo baada ya baipasi, Dodoma: uzoefu wangu

Nimepimwa eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) mara mbili katika kituo binafsi hapa Dodoma mjini, zote baada ya upasuaji wa baipasi, ule wa kupandikiza mishipa ili damu ipite pembeni ya iliyoziba. Nawapa nyota nne. Ya tano imeliwa na ripoti.

Upimaji wenyewe hauna shida. Unalala ubavu wa kushoto, mkono wa kushoto juu ya kichwa, waya za ECG (za kufuatilia mapigo ya moyo) kifuani na jeli ya baridi (Julai asubuhi utaruka). Ukiambiwa toa pumzi yote uzuie, tii kabisa, maana pafu lenye hewa linafunika moyo na picha inakuwa ukungu mtupu.

Ripoti ya kwanza ilisema ukuta wa kati wa moyo unacheza vibaya, huenda damu haifiki. Mpimaji hakujua kifua kilishafunguliwa. Baada ya upasuaji wa moyo ukuta huo mara nyingi husogea upande usio wake hata kama damu inapita vizuri. Cha kuangalia ni kama unanenepa moyo unapojikaza. Ukinenepa, msuli unafanya kazi. Kwa hiyo nenda na karatasi ya upasuaji inayoonesha mishipa mingapi imepandikizwa, imetolewa wapi na imeungwa wapi.

Namba ya EF, yaani asilimia ya damu ambayo moyo unaisukuma nje kila unapopiga: kuanzia 55 hivi ni nzuri. Ikitoka 52 hadi 48 usipige kelele, hata mpimaji yuleyule akirudia anaweza kupata tofauti hiyo. Kutoka 50 hadi 35 ni habari nyingine, wahi kwa daktari. Uliza pia kama imepimwa kwa mahesabu au imekadiriwa kwa macho. Yangu ya kwanza ilikuwa ya macho.

Wengi hapa ndipo wanapokosea: eko hii ya kulala haioneshi kama mishipa iliyopandikizwa imeziba. EF inaweza kuwa 60 na mshipa mmoja umekufa. Kifua kikibana ukipanda ngazi, omba eko ya mazoezi (moyo unapimwa ukiwa umechoshwa) au CT ya mishipa (picha za eksirei za kompyuta) yenye dawa ya rangi, na figo zipimwe kwanza. Kituo hiki hakina hata kimoja kati ya hivyo viwili. Mishipa ya kupandikiza iliyotolewa mguuni huziba mapema kuliko ule uliotolewa kifuani, basi aspirini usiiache bila daktari kusema.

Kabla hujaondoka, dai picha zinazotembea kwenye flashi. Karatasi peke yake haimsaidii atakayekupima mwakani.