Mwanzi au fimbo yenye rili: uanze na ipi Ziwa Victoria?

Kwa anayevua sato na furu akiwa ufukoni, mwanzi wa mita tatu hivi, mshipi wa nailoni uliofungwa nchani, kiboya, chubwi (kizito cha kuzamisha ndoana) na ndoana ndogo yenye nyungunyungu vinatosha. Gharama ni ndogo, na ukivunjika unakata mwingine. Tena mwanzi hufundisha jambo ninalolithamini sana: kusoma kiboya. Sato hudonoa taratibu, na mkono uliozoea mwanzi hujua wakati wa kuvuta.

Kasoro yake ni umbali. Kando kukiwa na kina kifupi, samaki wakubwa huwafikii. Hapo rili, yaani kigurudumu cha kukunjia mshipi kwenye fimbo, inashinda: unarusha mbali, na sangara akinasa, breki huachia mshipi kidogo kidogo usikatike. Lakini inadai matunzo. Mchanga ukiingia kwenye gia, inakwama. Isuuzwe, ikaushwe, itiwe oili. Zile za bei ya chini kabisa huchakaa upesi, simshauri mtu aanze nazo.

Mtoto, au anayevulia kwenye mawe ya Mwanza, achukue mwanzi. Mwenye mtumbwi na pesa ya rili imara, aanze na rili. Kuhusu kibali, ulizia kwanza BMU (kikundi cha usimamizi wa uvuvi) ya mwalo wako.