Keni ipi ya maziwa inunuliwe: anza kwa kukagua bega la ndani

Wafugaji kadhaa wa Rungwe na Njombe wameniandikia wakilalamika kwamba maziwa yao hukataliwa kituoni kwa kushindwa kipimo cha alkoholi (maziwa yaliyoanza kuchacha huganda yakichanganywa nayo), ilhali ng'ombe ni wazima na keni huoshwa kila siku. Sitajadili ujazo wala uzito, kwani hayo kila mnunuzi hujionea mwenyewe. Kinachosahaulika ni bega la keni kwa ndani, pale shingo inapoungana na mwili, mahali ambapo kwenye keni nyingi mkono mzima haufiki.

Hapo ndipo mafuta na protini za maziwa huganda, bakteria wakajishikiza, kisha wakajijengea utando wa ute unaowakinga hata na klorini. Maziwa mapya yakimiminwa, baadhi yao hubanduka na kuyachachusha. Bakteria wa jamii ya Pseudomonas huzaliana hata katika nyuzi joto 4 za Selsiasi, kwa hiyo baridi ya Tukuyu haitoshi kuwazuia, na baadhi ya vimeng'enya vyao hubaki vikifanya kazi hata baada ya maziwa kuchemshwa. Pitisha kidole safi chini ya bega la keni iliyokwisha kuoshwa: ukihisi utelezi, utando umekwisha kujengeka.

Kwa sababu hiyo ninaiweka keni iitwayo Mazzi, ya lita 10, nafasi ya kwanza, na siufichi upendeleo wangu. Ni ya plastiki ya daraja la chakula, mdomo wake mpana huruhusu mkono mzima kusugua hadi kwenye kona, na faneli yake nyeusi huonyesha mabonge ya maziwa yanayoashiria ugonjwa wa kiwele. Usiisugue kwa steelwool, kwa kuwa mikwaruzo ni makazi mapya ya bakteria.

Ya pili ni keni ya chuma kisichoshika kutu, mradi maungio yake ya ndani yamesagwa yakawa laini. Alumini ni ya tatu, maana sabuni kali za alkali huila na kuiachia vishimo. Dumu la mafuta ya kula lisinunuliwe kabisa.

Linaloniudhi zaidi ni mpira wa mfuniko. Ukipasuka huhifadhi ute uleule, lakini baadhi ya maduka ya Mbeya hukataa kuuza mpira peke yake na kumlazimisha mfugaji anunue mfuniko mzima, jambo ambalo ni dhuluma kwa mtu anayeuza lita chache kwa siku. Kabla ya kulipia keni yenye mpira, dai mpira wa akiba. Ukinyimwa, nenda duka jingine.