Boda ya umeme au ya petroli Kampala, ipi afadhali?

Hapa steji hili bishano haliishi. Mimi nimeendesha zote mbili. Kwa matumizi ya siku umeme unashinda, unafika kituo cha betri, unaacha iliyoisha unachukua iliyojaa, unaondoka, hamna oili ya kumwaga wala plagi wala kabureta ya kusafisha, breki na tairi tu. Moshi ndo hakuna kabisa, na stima yetu nyingi inatoka maji ya Nile, mabwawa ya Bujagali na Karuma huko, kwa hiyo si kwamba moshi umehamishiwa kwingine.

Ila siku moja betri ilinibakia asilimia 6 pale Nakawa, abiria yuko nyuma, nafika kituoni nakuta foleni, betri zote bado zinachaji, mama wa watu akashuka akapanda nyingine! Petroli shida hiyo haina, hata Mityana unafika unajaza, na fundi yuko kila kona.

Kama unazunguka mjini tu karibu na vituo, chukua umeme. Wateja wako ni wa mbali? Shikilia petroli kwanza. Na we abiria, kama mko 14 njia moja si mpande taksi, yaani matatu ya watu 14, injini moja tu.