TV ndani ya motohomu: nimejaribu wifi ya kambi, hotspoti, ruta ya laini na Starlink Mini

Jamani nimekaa kwenye motohomu (gari lenye kitanda, jiko na choo ndani) miezi kadhaa sasa na kitu kilichonipasua kichwa kuliko hata choo ni TV. Choo unakizoea. TV inakuja kukwama dakika ya 89 timu inapiga kona, kale kaduara kanazunguka weee, picha ikirudi watu washakumbatiana na hujui kafunga nani.

TV yenyewe naangalia kwa intaneti. Nilianza na wifi ya kambini, pale tunapopaki kulala, maana ni ya bure. Sahau. Asubuhi unapata meseji zako vizuri tu, ila giza likiingia kila gari linawasha TV yake mnagombania mtandao uleule mmoja. Afu kuna ile mpaka ufungue ukurasa wao kwanza uweke nywila, stiki yangu ya TV (kile kijidude unachomeka kwenye TV ili ipate Netflix na wenzake) ilikua inashangaa tu hapo. Nikanunua ruta ndogo ya safari, inadaka wifi ya kambi, unajisajili mara moja kwa simu afu yenyewe inagawia vyombo vyako vyote. Kuingia tuliingia, kasi ikabaki ileile ya konokono.

Hotspoti ya simu sio mbaya kama we ni mtu wa wikendi. Shida ni bando, Netflix wenyewe wanasema HD inaweza kula mpaka GB 3 kwa saa na 4K mpaka GB 7, sasa muvi mbili usiku mmoja na mtoto ana katuni zake asubuhi, utalia. Mi nilishusha ubora kwenye mipangilio mpaka ule wa chini kabisa, kama GB 0.3 kwa saa, maana skrini yenyewe inchi 22 nani ataona tofauti? Na kingine ukitoka na simu mtandao umetoka nao, siku moja nimeenda kuoga nasikia mke wangu anaita dirishani kambi nzima inasikia, rudisha simuuu.

Ruta ya laini yenye antena juu ya paa, hapa ndo nilipopumzika. Bodi la bati linazuia mawimbi, kwaiyo simu ikiwa ndani inaonyesha vijiti viwili tu vya mtandao wakati juu ya paa mtandao upo wa kutosha. Yangu inaingia laini mbili, nimeweka mitandao tofauti, mmoja ukizingua inahamia mwingine, na inakula umeme wa volti 12 moja kwa moja. Waya wa antena uwe mfupi, ukiwa mrefu unakula mawimbi yaleyale uliyoyafuata huko juu. Kilichonitesa ni kutoboa paa, wiki mbili nilikua naizunguka ile drili tu, mwisho nikamuita fundi. Na kama ulipo hakuna mnara karibu, antena hata uweke kumi haitengenezi mtandao.

Ndo nikaongeza Starlink Mini, kidishi cha intaneti ya setilaiti. Ilitoka 2024, uzito kilo moja na kidogo, ruta iko humohumo ndani, na inakubali volti 12 mpaka 48 kwaiyo huhitaji inveta ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Kwa kawaida inakula wati 25 mpaka 40, yaani ukiangalia masaa manne kwa wati 40 umetoa kama Ah (ampea-saa) 13 kwenye betri ya volti 12, sola inarudisha hiyo kesho yake kama jua lipo. Lile dishi lao la kawaida ni wati 75 mpaka 100, kwa mtu wa betri moja hapana. Ila inataka mbingu wazi, tawi likikaa mbele picha inakatakata, na wote tunajua gari wakati wa joto unalipaki wapi, chini ya mti. Kwaiyo gari kivulini, dishi juani, katikati waya. Na waya wenyewe usichukue mwembamba kama mimi, ule mrefu mwembamba unashusha volti, dishi likawa linazima linawaka linazima, nikadhani limekufa kumbe ujinga wangu.

Stiki gani ya TV? Kiukweli zote sawa tu, chukua ile yenye programu unazolipia. Ila usiichomeke kwenye USB ya TV, nyingi hazitoi umeme wa kutosha inakua inajirestati, chomeka kwenye chaja ya soketi ya volti 12.

Kwasasa kila siku natumia ruta, kidishi kinalala kabatini mpaka tukienda porini. Ruta na antena nyota nne na nusu, hiyo nusu nimekata kwa ajili ya tundu la paa, bado kila mvua ikinyesha naliangalia. Kidishi nne. Wifi ya kambi naipa moja kwa sababu ya zile meseji za asubuhi.