Eyam au Lacock: ukiwa na siku moja tu ya kuona kijiji cha Uingereza

Lacock, kule Wiltshire, kinakuvutia papo hapo. Vibaraza vya mawe, nyumba za mbao zilizopinda kwa uzee. Tangu 1944 sehemu kubwa ya kijiji inatunzwa na National Trust, shirika la hisani la kuhifadhi urithi. Abasia yake, yaani makao ya watawa, iliasisiwa karne ya 13 na mwanamke, Ela wa Salisbury. Humo ndimo William Henry Fox Talbot, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, alimopiga picha ya dirisha mwaka 1835. Negativu yake (picha ya awali yenye mwanga na giza vilivyogeuzwa), ndogo kama stempu, ndiyo kongwe kuliko zote zilizosalia duniani.

Hata hivyo, mimi ningekupeleka Eyam, Derbyshire. Tauni iliingia huko mwaka 1665, inasimuliwa kwamba ilikuja na viroboto ndani ya kitambaa cha mshonaji kilichotoka London. Mwaka uliofuata, mchungaji William Mompesson na mtangulizi wake, Thomas Stanley, waliwaomba wanakijiji wasitoke, ili vijiji jirani vipone. Wakakubali! Watu wapatao 260 walikufa, akiwemo mke wa Mompesson. Kaburi la mke huyo lipo uani mwa kanisa, karibu na msalaba wa kale wa mawe.

Tembea hadi kwenye jiwe la mpaka wa kijiji. Lina vishimo sita ambavyo wakati wa tauni vilijazwa siki, iliyoaminiwa kusafisha maradhi. Wanakijiji walitumbukiza sarafu humo, majirani wakazichukua na kuacha chakula. Kisha nenda makaburi ya Riley, shambani, ambako Elizabeth Hancock aliwazika mumewe na watoto sita ndani ya siku nane, kwa mikono yake mwenyewe.