Vijitabu vya ACE kwa wanaosomesha nyumbani huku Mtwara

Binti yangu wa miaka tisa nimemchagulia mtaala wa Kikristo wa Accelerated Christian Education (ACE), ulioanzia Texas, Marekani, mwaka 1970, na kwa kusoma na hesabu naupenda sana. Kila somo lina vijitabu 12 kwa mwaka. Mtoto hupimwa kwanza, kisha anaanzia pale uwezo wake ulipofikia, si pale umri unapomweka, na hasogei mbele mpaka apate asilimia 80. Kazi anajisahihishia mwenyewe kwa kitabu cha majibu, kwa hiyo uaminifu anaufanyia mazoezi kila asubuhi. Hilo limenigusa kuliko hata mistari ya Biblia ya kukariri.

Lakini mzazi wa Kusini asitegemee vijitabu peke yake. Hesabu zina dola na ratili. Mimi huzigeuza kuwa shilingi na kilo za korosho, na binti anaelewa mara moja. Kiswahili hakimo, basi jioni tunasoma Biblia ya Kiswahili kwa sauti, baba yake akirudi kutoka zamu Madimba. Historia ni ya Marekani mno. Mtoto wa huku anapaswa kujua kuwa misheni ya Masasi ilianza 1876, Askofu Edward Steere alipowaleta pale watumwa walioachwa huru kutoka Zanzibar. Hiyo nafundisha mwenyewe.

Intaneti si lazima, na kwetu hilo ni jambo kubwa. Ila yote ni Kiingereza: kama mtoto bado hajakimudu, anza na somo la kusoma, mengine yasubiri.