Uzi wa pamba au wa akriliki kwa anayeanza kroshia?

Kwa sindano ya milimita 5 na uzi wa unene wa kati, akriliki, yaani uzi wa plastiki wa kiwandani, kwa kawaida ni ya bei nafuu zaidi. Tena hunyumbuka, hivyo hata kitanzi kilichobanwa bado hupitisha sindano. Ila ukiifumua mara nyingi huota manyoya. Pamba hainyumbuki: anayebana uzi huchoka upesi, na uzi uliosokotwa kwa ulegevu hutawanyika kwenye ncha ya sindano. Lakini vitanzi vyake huonekana wazi, jambo kubwa mno unapohesabu au kumwelekeza mwenzako. Mfundishie kwa rangi nyepesi, kamwe si nyeusi.

Akriliki hukauka haraka, ila pasi ya moto huiharibu. Blanketi kubwa? Akriliki, ni nyepesi. Kishikio cha sufuria? Pamba tupu, maana akriliki huyeyuka.